Gari la Upepo na Mguu wa Mama

Watu wakisikia kwamba mume wangu aliwahi kuendesha gari kwa upepo, wanacheka kwanza, halafu wananiuliza kama ni hadithi za watoto. Mimi sicheki. Gari hilo nilipanda, mimi na mimba yangu na mama yangu mzazi, tukitoka Itiryo kwenda hospitali ya Tarime, na mpaka leo nikisikia mtu anajaza baiskeli upepo naondoka pale.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tumeshahamishwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani, yale maboma ya ukoo, na kupangwa kwa mstari, nyumba inatazamana na nyumba, unapika mboga jirani anajua umetia chumvi au hukutia. Vita vilikuwa vimewachukua vijana. Kwetu Ukuryani ukisema jeshi, vijana wanaruka juu, na kaka zangu wote wawili walikuwa wamekwenda. Sabuni hakuna, kiberiti hakuna, na petroli ndiyo usiseme. Pikapu ya kijiji ilikuwa imesimama mbele ya ofisi miezi mingi, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Dereva mwenyewe ni mume wangu.

Sasa mwanaume aliyezoea kuendesha gari, ukimkalisha nyumbani bila gari ni balaa. Alikuwa anaamka asubuhi anaipangusa vumbi ile pikapu, anafungua boneti, anaifunga, anarudi kunywa uji amenuna. Nikimwambia twende shamba anakwenda, lakini moyo hauko kwenye jembe. Nilikuwa namtania, "Nenda ukailalie kabisa, labda itaangua."

Karibu na kijiji kulikuwa na kambi ya wajenga barabara. Walikuwa na mashine kubwa ya kukandamiza upepo, ile ya kutobolea mawe, na pembeni lori lao bovu limekufa siku nyingi. Kwenye lori hilo mume wangu akaona kompresa, kidude kinachozungushwa na injini ili kijaze upepo wa breki. Akarudi nyumbani macho yanang'aa. Akaniambia, "Kidude hiki kikizungushwa kinatoa upepo. Sasa upepo ukiingizwa kwa nguvu, si kitazunguka chenyewe?" Mimi nikamwambia mimi najua chungu na jiko, asiniulize.

Alikifungua, akakichokoa, akakibadilisha ndani sijui vipi, akakiunga na gia za pikapu kwa mnyororo. Nyuma akafunga mitungi mirefu ya chuma aliyopewa kule kambini. Watu walikuwa wanakuja kutazama wakitafuna mahindi. Mzee mmoja jirani yetu, mtu mwenye mdomo, akamuuliza kwa lile neno letu la kumwita kijana, "Mura, hiyo mashine ya kujaza upepo si inakunywa dizeli? Sasa umekimbia nini?"

Mume wangu akamjibu, "Dizeli ina kufuli na mwenye ufunguo. Upepo nani anaulinda?"

Na kweli, wale wa kambi walikuwa wakimaliza kazi yao ya mawe wanamwachia ajaze mitungi, bure, kwa kuwa hata wao walitaka kuona. Siku ya kwanza gari lilipotoka ofisini likaenda mpaka shuleni, sauti yake pshii, pshii, pshii, watoto wote wakatoka darasani bila ruhusa. Tulipiga vigelegele mpaka koo likauma. Nasema kweli, nilijiona mke wa mtu mkubwa. Likageuka likarudi, na lilipofika ofisini upepo ukaisha. Akajaza tena. Akaongeza mitungi. Akaanza kulipeleka mbali kidogo, kupeleka mbegu, kuleta mbao, na kila likizidi kwenda mbali naye kifua kilizidi kupanda.

Mama yangu alikuwa mjane, na kwa kuwa kaka zangu walikuwa vitani hakuwa na wa kumpasulia kuni, basi nikamchukua akae kwangu. Hapo lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi hawajui lolote. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawakai kwenye benchi moja. Mama alijengewa kibanda chake nyuma ya nyumba, mlango unatazama upande mwingine kabisa. Mume wangu akitaka kupita, anakohoa kutoka mbali ili mama ajifunike au ageuke. Na wakiwa na neno la kuambiana, wanalipitisha kwangu. Mama yuko ndani, mume wangu yuko nje, wote wanasikiana vizuri kabisa, lakini mama ananiambia mimi, kwa sauti ya juu, "Mwambie mume wako ng'ombe yule mweusi anachechemea." Na mume wangu kabla sijafungua mdomo anasema, "Mwambie mama nimesikia." Nilikuwa nachoka nao! Lakini walipendana. Hakuna siku alikuja na nyama asimtengee mama, na mama alikuwa akisema mbele za watu kwamba mkwe wake ni dume.

Basi mama alichomwa na kisiki kwenye shamba la kijiji. Kidonda kidogo tu, juu ya kifundo cha mguu. Akakifunga majani akaendelea kupalilia, maana mama huyo kukaa bure hajui. Baada ya siku chache mguu ukavimba mpaka gotini, ngozi inang'aa, na kidonda kikaanza kunuka. Mganga wa zahanati akaja, akaubonyeza, akaniita pembeni. Akaniambia, "Mpelekeni Tarime leo hii. Akifika mapema leo wataupasua wautoe uchafu, mguu utapona. Ukilala tena hivi, watakuja kuukata."

Alidhani mama hasikii. Mama akasema kutoka kitandani, "Waukate, nilime na nini?"

Hakusema zaidi ya hapo, lakini nilimjua mama yangu. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiamka jogoo wa kwanza kwenda kwenye ulezi wake, na mvua ikichelewa anaitukana mbingu bila kuogopa. Hakuwahi kuomba chakula kwa mtu. Kumkata mguu ni sawa na kumwambia akae mlangoni angoje kuletewa mpaka afe.

Yule mzee jirani mwenye mdomo akaja na watu watatu, wazee wenzake, wakasema watambeba kwa kitanda. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote. Wanapokezana begani, wanapumzika, wanakwenda. "Tutafika jioni," akasema, "lakini tutafika."

Mume wangu akasema, "Jioni ni mbali. Mitungi yote nimeijaza jana. Kwa gari, mchana tutakuwa pale hospitalini."

Wazee wakatazamana. Mimi nilitazama mguu wa mama na kusema, twende na gari. Mchana ni mapema kuliko jioni, hilo hata mtoto anajua.

Tulimlaza mama nyuma ya pikapu kwenye godoro la majani, kati ya mitungi, nikakaa naye nimemshika mguu usigonge. Mbele hakuweza kukaa, si kuna mkwe? Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane, tumbo limenijaa mapajani. Tulikuwa na chupa ya chai yenye uji wa ulezi, shuka mbili, na kuku mmoja aliyefungwa miguu wa kumpa tutakayemkuta anatusaidia. Mama akasema kwa sauti, "Mwambie mume wako Mungu ampe njia." Kutoka mbele akajibu, "Mwambie mama atulie."

Likaondoka. Jamani, lilikwenda! Tulipita shule, tukapita kambi ya barabara, wale wafanyakazi wanapunga mikono. Mama alikuwa amefumba macho lakini anatabasamu. Akaniambia, "Halina hata moshi." Nikasema moyoni, kumbe Mungu anatuona.

Tulipoanza kupanda kidogo, sauti ya gari ikabadilika. Ikawa inakohoa. Halafu likasimama. Mume wangu akashuka, akakohoa kwanza ili mama ajifunike, akaja kutazama. Bomba linalotoka kwenye mitungi lilikuwa limeota barafu. Barafu, jua likiwa limewaka! Niliigusa nikatoa mkono haraka. Akasema upepo ukitoka kwa nguvu unapoa, na maji yaliyomo yanaganda, yameziba njia. Alishaona kidogo siku za nyuma, lakini hakuwahi kwenda mbali kiasi hiki kwa mfululizo.

"Una kitu cha moto?"

Cha moto kilikuwa uji wa mama. Nikamtazama mama, mama akatikisa kichwa kwamba nimpe. Tulimwaga uji wote wa mgonjwa kwenye bomba la gari, na barafu ikayeyuka, na gari likaondoka likinuka ulezi. Likaenda. Likaota barafu tena. Safari hii alilifuta bomba kwa mikono na kulipulizia kwa mdomo mpaka midomo ikapasuka. Kila likisimama, upepo ulikuwa unavuja pale kwenye maungio, nausikia kabisa, sss, na hakuna cha kuuzuia. Alifunga kwa kitambaa, akafunga kwa mpira, akafunga kwa kipande cha kanga yangu.

Tulifika chini ya mlima mrefu. Gari likapanda kidogo, likapunguza, likasimama, safari hii bila kukohoa. Mitungi ilikuwa imekwisha. Akaweka jiwe nyuma ya tairi.

Pale hapakuwa na nyumba. Mbele mlima, nyuma bonde, na barabara tupu, maana gari gani lingepita, petroli ya wapi? Tulikaa tukisikiliza. Mguu wa mama ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa anauma shuka asipige kelele.

Mume wangu akaniita mbele ya gari. Akasema, "Huko juu ukishavuka mlima kuna kijiji. Mwambie mama nimbebe mgongoni. Nitajifunika shuka kichwani, nitafumba macho, wewe utanishika mkono uniongoze. Nitavuka naye."

Na angeweza. Huyo alikuwa mwanaume wa kubeba magunia ya kahawa mawili kwa mpigo kwa kubishana tu.

Nikarudi kwa mama, nikamwambia. Mama akafungua macho. Akasema, "Mimi? Nibebwe na mkwe wangu, kifua changu kwenye mgongo wake, mapaja yangu kwenye mikono yake? Halafu nirudi nikamtazame nani kijijini? Mwambie hapana."

Nikarudi. Nikamwambia amekataa. Akasema, "Basi. Usimrudie. Mtu mzima ameshasema, ukimrudia utakuwa unamtukana, na mimi nitakuwa nimemtukana zaidi."

Nilitaka kumrudia. Lakini nyumbani kwetu mama akisema hapana, hakuna aliyewahi kuuliza tena. Mdomo ulikuwa haujazoea. Nikajaribu kumbeba mimi mwenyewe. Nikachuchumaa, akanishika shingo, nikainuka, tumbo likakaza kiasi kwamba niliona giza, tukaanguka wote wawili pale pale kwenye majani. Mama akaniambia, "Usiniulie mjukuu."

Ndipo mume wangu akatoa pampu ya baiskeli.

Sijui niseme nini. Chini ya kiti alikuwa na pampu ya baiskeli, ile ndefu ya kukanyagia chini. Akaiunga kwenye mtungi mmoja akaanza kujaza. Alikuwa upande wa pili wa gari, kwa sababu ya mama, na mimi nilikuwa namsikia tu. Fyu, fyu, fyu. Jua limekuja kichwani, yeye anajaza. Alijaza muda mrefu sana, halafu akaruka kwenye usukani, na gari likasogea. Lilisogea kama urefu wa kitanda, likasimama. Akaweka jiwe. Akarudi kwenye pampu.

Nikamwambia aache akatafute watu. Akasema, "Bado kidogo. Mlima hapo mbele unalala." Mlima ulikuwa haulali. Nilikuwa nauona. Akajaza tena, likasogea tena, safari hii pungufu. Mikono yake ilikuwa imetoka malengelenge yakapasuka, mpini wa pampu una damu. Nilikasirika mpaka nikalia, nikamwita mjinga, nikamwambia mashine yake imemla akili, na yeye anapampu tu. Nilikasirika lakini kumzuia sikuweza. Njia nyingine ya kumvusha sisi wenyewe ilikuwa ni moja tu, na hiyo mama alishaikataa.

Mama alikuwa anasikia yote. Alikuwa amegeuza uso upande ilikokuwa pampu.

Akapita mtu anaswaga ng'ombe. Alitutazama, akatazama gari, akasema wanaume wa kijiji cha mbele wako kwenye shamba la ujamaa, kule nyuma ya mlima. Mume wangu akasimama pale na pampu mkononi. Halafu akaitupa chini, akapanda mlima mbio. Alirudi jua limeshaanza kushuka, na wanaume wanne na kitanda cha kamba. Walimbeba mama kwa kitanda, vile vile kama wazee wetu walivyotaka kumbeba tangu asubuhi, na kitanda kilikwenda vizuri tu, hakina bomba wala barafu. Mume wangu alitembea mbele sana, peke yake, asiweze kumwona mama wala mama kumwona.

Tarime tulifika giza limeingia, daktari ameshaondoka. Asubuhi akaja, akaufungua mguu, akaniuliza, "Mlikuwa wapi jana?" Nikamwambia tulikuwa njiani. Wakaukata juu ya goti.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Kaka mmoja alirudi kutoka vitani, mmoja hakurudi. Pikapu tulikwenda kuivuta na ng'ombe, na mume wangu akang'oa mitungi yote akairudisha kambini. Watu walimtania, "Mura, upepo umekwenda wapi?" Alikuwa anacheka nao. Nyumbani hakuwa anacheka. Alimchongea mama magongo mawili ya mti mgumu, akayalaza mlangoni mwa kibanda alfajiri kabla mama hajaamka, akaondoka.

Mama alikaa mlangoni, kama alivyoogopa. Aliletewa chakula. Alijifunza kuchambua maharage ya nyumba nzima na kulea watoto wangu, lakini kila msimu wa kupanda ulezi alikuwa mkali, hashikiki, anatukana hata kuku. Mguu haukutajwa. Mlima haukutajwa. Ilipita miaka mingi, wakati huo vijiji vyenyewe vimeanza kulegea na watu wanarudi kwenye miji yao ya zamani.

Siku moja mchana tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na yeye, mbele ya kibanda chake. Mume wangu alikuwa nyuma ya ghala anaziba tairi ya baiskeli. Akaanza kujaza upepo. Fyu, fyu, fyu. Nikaona mikono ya mama imesimama.

Akaniuliza, "Siku ile kule mlimani, mbona hukunirudia?"

Nikasema, "Kukurudia vipi, mama?"

"Uliniuliza mara moja. Mama mkwe gani atakubali kubebwa na mkwewe kwa kuulizwa mara moja? Ningekubali hapo hapo, ningeonekana mtu wa namna gani? Ilikuwa lazima nikatae kwanza. Nililala pale nikisubiri uje tena. Namsikia anapampu, nasema moyoni, sasa utakuja. Mtaniambia tena, nitakataa kidogo, mtanibembeleza, nitapanda. Mgongo wake ningeupanda. Hamkuja."

Nilibaki na gunzi mkononi. Nikasema tu, "Ulisema hapana, mama."

"Nilisema," akajibu.

Na hakuwa ananong'ona. Alikuwa anatumia ile sauti yake ya juu, ile ya mwambie-mume-wako, lakini safari hii hakusema nimwambie. Pampu ilikuwa imenyamaza. Nilingoja kutoka nyuma ya ghala nisikie, "Mwambie mama nimesikia," kama siku zote. Hakusema kitu. Mama akachukua hindi jingine akaendelea kupukuchua.

Mume wangu hakutoka kule nyuma mpaka jioni, na chakula chake nilimpelekea huko huko.